Kamati Iliyokaa Nyuma ya Shuka

Umma wote wa Kebirigo unajulishwa kwamba swali la kwa nini wataalamu na mashabiki hawapatani kuhusu sinema limekwisha kupatiwa jibu rasmi: mashabiki hawajui kitu. Nasema haya nikiwa katibu wa Kamati ya Kupima Ubora wa Sinema, iliyoundwa mwaka wa 1954 chini ya uenyekiti wa Chifu Angwenyi, na sitaki ubishi.

Gari la sinema lilikuwa likija kutoka Kisii. Yakub wa Keroka, fundi wa mtambo, alitundika shuka jeupe uwanjani, na watu wakakaa kwenye nyasi. Sisi wanakamati hatukuweza kukaa nao. Chifu huwakabili watu wake, hatazami visogo vyao. Kwa hiyo viti vyetu viliwekwa kama vya barazani, tukiwaelekea wananchi, na shuka likawa katikati. Picha ilipenya vizuri tu, tukaiona kwa upande wetu.

Tuliyoyaona ni aibu kuyasimulia. Sinema ya kwanza ilihusu usafi wa nyumba. Watu walicheka na kupiga makofi, ilhali sisi tuliona ukoo mzima, wageni pia, ukila kwa mkono wa kushoto. Tukaipiga marufuku. Ya pili ilihusu kilimo cha pareto. Bwana shamba alimsalimu mkulima kwa mkono wa kushoto, na mkulima, badala ya kukasirika, akatabasamu! Mzee wa kanisa aliyekuwa mwenzetu alifumba macho mpaka mwisho. Hata maandishi ya sinema hiyo yalikwenda kinyumenyume, na mimi niliyefika darasa la nane sidanganyiki kwa hilo. Marufuku tena.

Bosibori, muuza ndizi, alikuja kuuliza ni mkono gani huo wa kushoto tunaousema. Nikamweleza kwa upole kwamba jicho la mtaalamu halinunuliwi sokoni.

Aliyeumia ni Yakub. Wakubwa wake walimwambia kwamba sinema ya tatu ikikataliwa, gari litapelekwa wilaya nyingine, na yeye atarudi kupakia magunia kwenye malori ya Keroka. Ana mke na watoto, nilimhurumia kweli. Lakini huruma si kigezo. Alipotusihi tuhamishe viti, tulimwonya asiingilie itifaki.

Basi akaleta sinema ya tatu. Ilikuwa imepigwa papa hapa Kebirigo, siku Chifu Angwenyi alipompokea mgeni mkubwa wa serikali. Mtambo ukanguruma, na mbele ya macho yetu Chifu akamsalimu mgeni kwa mkono wa kushoto, akaketi, akamega obokima, ugali wetu, kwa mkono uo huo, akala kwa raha zake. Ng'ambo ya shuka akina mama walikuwa wakipiga vigelegele.

"Si mimi huyo," Chifu akasema.

Nikamjibu kwamba ndiye, kwa ushahidi wa koti lake.

Bosibori akachungulia pembeni mwa shuka, akamwita Chifu kwa heshima ya baba. "Tata, kuja huku kwetu. Huku unakula na mkono ya kulia."

Chifu akaniangalia, akaangalia shuka, akanyanyuka. Mtu mzima, na fimbo yake ya cheo, akazunguka na kukaa kwenye nyasi kando ya kikapu cha ndizi. Akaomba sinema irudiwe. Nikamsikia akicheka.

Tuliobaki tukapiga kura. Sheria ni msumeno: marufuku, na mhusika mkuu akaripiwe kwa kukosa adabu. Nikaenda kumsomea uamuzi. Akafoka kwamba yeye ni mwenyekiti na anaupinga. Nikamkumbusha, kwa heshima zote, agizo lake mwenyewe kwamba maoni ya waliokaa kwenye nyasi ni ushabiki, hayahesabiwi.

Yakub alikuwa ameshika mtambo kwa mikono yote miwili.

"Basi sikieni wote," Chifu akasema, bila kuinua macho. "Zile mbili pia zilikuwa nzuri. Sisi ndio tulikaa mahali pabaya."

Gari likabaki, na Yakub naye. Wanakamati wenzangu walihamia kwenye nyasi mmoja mmoja. Mimi ningali nyuma ya shuka, nikilinda viwango. Jumatano iliyopita, sinema ikiwa imepamba moto, nilimsikia Bosibori akimwambia Chifu asogee, anamziba.

Akasogea.