Keki ya Wegesa na Maadui Wake

Jumatatu, 8 Desemba 1980

Nimeamua. Harusi ya binti yangu Wegesa itakuwa na keki. Si mkate wa sukari. Keki yenyewe: ya matunda na viungo, nyeusi kwa ndani, aisingi nyeupe juu, kama waliyokuwa wakila masista wa misheni kila Krismasi. Zimebaki siku kumi na tisa.

Kwa nini nioke mimi? Kwa sababu resipe ninayo. Miaka kumi na mmoja nilikuwa mtunza bustani pale misheni, na maua ya chini ya dirisha la jikoni niliyamwagilia kuliko maua yote. Sista alikuwa akimsomea mpishi kwa sauti. Nilichosikia niliandika. Pengo liko mahali pamoja tu: "Oka kwa moto wa..." Hapo Sista alifunga dirisha. Nadhani walikuwa wameanza kunishuku. Watu wabaya.

Adui wa kwanza ni Wangwe, katibu wa kijiji. Mwaka jana alimwoza binti yake kwa keki iliyotoka Musoma. Mpaka leo hapa Nyarero mtu akisema "ile harusi", ni hiyo. Kwa hiyo juzi, mbele ya wakwe zetu wa kutoka Nyansurura, nilitangaza kwamba keki ya Wegesa itaipita ile, na nitaioka kwa mikono yangu. Mzee Heche, baba wa bwana harusi, alisimama akanishika mkono. Ng'ombe wote ameshaleta, hata ndama mmoja hakubakiza. Siwezi kurudi nyuma.

Wegesa alitazama chini. Mke wangu Ghati akaanza kukohoa. Kikohozi cha ghafla mno.

Alhamisi, 11 Desemba

Tarime kwa baiskeli. Dukani kwa Lukmani nikaagiza mdalasini, karafuu na kungumanga. Lukmani akauliza ni pilau ya nani. Mbona anataka kujua? Mkewe ni Bi Mwanamvua, mwenye tanuri la mikate nyuma ya duka, anayeokea keki nusu ya mji. Mume anauliza, mke anapokea. Naijua michezo hiyo.

Nikajibu kwamba ni dawa. Kifua kinanisumbua.

Lukmani akanihurumia kweli. Akainama chini ya kaunta, akatoa zabibu kavu zilizofungwa kwenye karatasi, akasema nizile na asali, zinalainisha kifua. Zabibu! Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kuzipata. Nikakohoa tena mara tatu, akaongeza.

Jumamosi, 13 Desemba

Bi Mwanamvua mwenyewe amekuja! Amepanda lori la ushirika kutoka Tarime na chupa ya chai ya tangawizi, eti ya kifua changu. Nani husafiri na chai?

Akaketi jikoni na Ghati. Walizungumza chinichini. Nilipita mlangoni mara nne. Mara ya nne wakanyamaza kabisa.

Bi Mwanamvua akasema, "Shemeji, pole. Lakini tangu nifike sijakusikia ukikohoa."

Nikakohoa.

Macho yake yalikuwa kwenye bakuli la zabibu na maganda ya machungwa. Nimeyaloweka kwenye chai ya rangi. Sista alisema brandi, ila brandi haijaonekana huku tangu mpaka wa Sirari ufungwe. Akauliza kama dawa hiyo hunywewa au hutafunwa. Nikasema hupakwa. Akamtazama Ghati, Ghati akatazama ukuta.

Wanaitafuta resipe. Kuanzia leo inakaa ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu mguuni.

Jumanne, 16 Desemba

Sukari. Kwa kawaida kila nyumba hupata kilo moja, ikifika. Kwa harusi lazima kibali cha katibu. Katibu ni Wangwe. Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na hoja saba.

Akatia sahihi kilo nne bila kusoma! Kisha akauliza kama zitatosha, akaniulizia hali ya bi harusi. Hoja zangu zote nimerudi nazo nyumbani. Adui asiyebisha ana mpango.

Kwa hiyo sukari nimeilinda. Nimeitia kwenye kopo kubwa, nikaandika kwa mkaa: SUMU YA PANYA. HATARI. Nikachora na fuvu la kichwa. Limetoka vizuri, lina sura ya Wangwe. Kopo nimeliweka rafu ya juu jikoni. Sijamwambia mtu yeyote. Hata mwizi ana watoto, hawezi kuligusa.

Ijumaa, 19 Desemba

Kopo tupu! Limeoshwa, limeanikwa juani!

Ghati anasema alikuta sumu rafu moja na unga wa ugali, na watoto wa jirani hushinda humu ndani. Ameimwaga chooni. Ameosha kopo mara tatu kwa majivu. Akauliza nimepata wapi wazimu wa kuweka sumu jikoni wiki ya harusi.

 Kilo nne.

Nilikwenda nikasimama chooni. Sisimizi walikuwa wakishuka kwa mstari mmoja, kama sisi pale duka la kijiji siku ya sukari.

Wegesa akanifuata, akasimama pembeni. Akasema polepole, "Tata, achana na keki. Nitaolewa hata kwa chai na mihogo. Mimi nataka tu siku hiyo uwe umetulia."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nilimwuliza nani kamtuma aseme hivyo.

Akaondoka. Sikupenda alivyoondoka. Tangu utotoni mtoto huyu akigeuka huwa anatazama nyuma mara moja. Leo hakutazama.

Jumatatu, 22 Desemba

Wangwe amebisha hodi asubuhi. Mkononi kilo mbili za sukari, zimefungwa kwa gazeti. Anasema habari za chooni zimemfikia, na hiyo ni sukari ya nyumba yake ya Krismasi. Watoto wake watakunywa uji mtupu, hawatakufa. Akaondoka kabla sijamtilia shaka vizuri.

Nilimpa kuku kijiko kimoja, nikamfunga mguu, nikamchunguza mpaka saa kumi. Hakufa. Ametaga. Wangwe ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Kuna jambo jingine, baya zaidi. Wanawake wa nyumba kumi zetu wanaingia jikoni kwangu mmoja mmoja. Kila mmoja na kikombe chini ya kanga. Wanatoka vikombe vimeinamishwa. Nimehesabu tisa. Nilimwuliza Ghati, akasema wanakuja kuazima chumvi. Mtu wa kuazima huja na kikombe kilichojaa?

Mayai nayo yamepungua kwenye kapu. Na jana Ghati na Wegesa walikwenda Tarime, eti kujaribu gauni. Gauni hujaribiwa kwa kikapu?

Nimeshaelewa. Mke wangu na mtoto wangu wanauza siri yangu kwa Bi Mwanamvua. Nikavua kiatu haraka. Resipe ipo! Ila imelowa jasho. Pale palipoandikwa vijiko na pale palipoandikwa vikombe hapatofautiki tena.

Jumatano, 24 Desemba

Siku ya kuoka. Nimewafukuza wote jikoni.

Karafuu: nne. Nne za nini? Vijiko au vikombe? Nilitafakari kwa haki nikachukua katikati. Kikombe kimoja na nusu. Jikoni kukanukia kama kwa daktari wa meno.

Sina tanuri, lakini akili ninayo. Sufuria kubwa, mchanga chini, ndani yake sufuria ndogo yenye keki, mfuniko, makaa chini na makaa juu. Sista alisema isifunuliwe kabla ya wakati. Hilo nililisikia vizuri. Lakini Sista hakuwa akiishi Nyarero! Alipita mwanamke na ndoo, nikafunua kuhakikisha. Alipita ng'ombe wa Wangwe, nikafunua. Ghati alikuja kuchukua mwiko, akasimama zaidi ya inavyohitajika kwa mwiko. Nikafunua mara mbili. Jumla nilifunua mara ishirini na tatu. Hakuna aliyeweza kuihujumu.

Hata hivyo imehujumiwa. Pembeni nyeusi, katikati imetumbukia kama josho la ng'ombe, na ndani ya josho kuna ubichi.

Sikulia. Nilitwanga sukari ya Wangwe kwenye kinu, nikaichunga kwa kitambaa, nikapiga na ute wa mayai na ndimu. Aisingi! Nikajaza shimo lote mpaka juu, nikasawazisha kwa mwiko wa fundi uashi. Jioni niligonga kwa kidole. Ililia kama mlango.

Ukiitazama ukiwa umesimama boma la ng'ombe, ni nzuri sana.

Jumamosi, 27 Desemba



Kanisani mambo yalikwenda vizuri. Wegesa na Magige wake walijibu kwa sauti. Kisha nikaibeba keki yangu, imefunikwa shuka, mpaka kwenye turubai. Mezani palikuwa na keki nyingine! Ghorofa tatu. Nyeupe kama theluji ya kwenye kalenda, na mawaridi ya sukari kuizunguka. Pembeni yake amesimama Bi Mwanamvua, anafuta kisu.

Nilifungua mdomo nimwite mwizi. Ghati akanikamata kiwiko, akanivuta nyuma ya ghala. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa, hajawahi kunivuta.

Akasema, "Baba Wegesa, leo unanisikiliza. Ile siku ya chai ya tangawizi nilimwomba Mwanamvua atusaidie. Hakutaka chochote. Sukari wametoa wanawake wa nyumba kumi, kikombe kikombe. Mayai ni yetu. Zabibu ni za Lukmani. Na Wangwe amekaa nyuma ya lori kutoka Tarime, keki mapajani, miguu ikafa ganzi, isitikisike. Wote wamefanya hivyo mwanao asichekwe Nyansurura."

Nikauliza kwa nini sikuambiwa.

"Ungeambiwa, ungeichimbia shimo," alisema. "Mtoto amelia wiki mbili. Si kwa ajili ya keki. Anasema baba yake anamtazama kama mwizi."

 Nikaiweka keki yangu chini, bado imefunikwa shuka.

Ndipo Mzee Heche akatokea akinitafuta. Akanishika mkono, akanirudisha mbele ya watu wote, akatangaza kwamba maneno mengi amesikia maishani, lakini baba aliyetimiza ahadi ya namna hii hajamwona, Serengeti wala Tarime. Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Ghati. Ghati akamtazama Bi Mwanamvua. Bi Mwanamvua akatazama mawaridi yake, kisha akaanza kupiga makofi na yeye.

Wegesa akasema kwa sauti, "Kweli. Hakuna aliyehangaika kuliko tata." Akakata kipande cha kwanza akanilisha kwa mkono wake. Aisingi ilikuwa laini. Sikujua kama inaweza kuwa laini. Nililia mbele ya wakwe, na sioni haya kuandika.

Keki yangu? Wangwe aliikuta nyuma ya ghala, akaifunua, akaiulizia. Kisu kikashindwa. Ikaletwa panga. Alitafuna muda mrefu, macho yanamtoka. Kisha akasema mdomo wote umekufa ganzi, na jino lililomtesa tangu Septemba limenyamaza. Akaomba kipande cha kubeba nyumbani.

Anataka kuichunguza resipe.

Jumapili, 28 Desemba

Nyumba kimya. Wegesa ameshaondoka na wakwe. Alipopanda gari alitazama nyuma mara moja. Nilipunga mkono mpaka lori likapotea.

Nimewaza sana. Nimewakosea watu. Kesho nitakwenda kwa Wangwe kumshukuru, kisha Tarime kwa Lukmani na mkewe. Ghati amefurahi, amenipikia kuku. Yule wa sukari.

Alhamisi, 8 Januari 1981

Barua kutoka Nyansurura! Mzee Heche ameleta na mbuzi. Anasema keki yangu bado inazungumzwa mpaka Mugumu. Mwanawe wa pili anaoa Pasaka, na hawataki mwokaji mwingine ila mimi.

Chini ya barua pana mstari wa mwandiko wa Wegesa: "Tata, nakuomba, sema hapana."

Niliusoma mara sita. Mtoto aliyenisifu mbele ya umati, ndani ya siku kumi na mbili amebadilika? Haiwezekani. Ametishwa. Bi Mwanamvua ameshafika mpaka Nyansurura! Ndiyo maana nilipokwenda kumshukuru alisema hakuna haja ya shukrani. Nilishangaa palepale.

Nimemjibu Mzee Heche kabla mleta barua hajamaliza chai. Nimesema ndiyo. Ghorofa nne. Nitafanya peke yangu, bila msaada wa mtu.

Ghati nimemweleza baada ya barua kuondoka. Amekaa kizingitini, ameomba maji. Maji ameyashika tu, hayanywi. Hajasema neno tangu mchana.

Kimya cha namna hiyo hakiji hivihivi. Nitamchunguza.