Rudisheni Moto Uliokuwa Unapotea Ukutani

Kwa Don Remigio Choque,
Mwenyekiti wa Ushirika wa Umeme, Wilaqota.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kwa heshima zote, na kwa meno yanayogongana, nalalamikia kile kifaa mlichofunga kwenye bomba la moshi la jenereta. Mhandisi kutoka La Paz alituambia theluthi ya moto wa dizeli ilikuwa ikipotea bure. Sasa inachemsha maji ya mabafu ya kijiji. Tukapiga makofi, wajinga sisi.

1. Moto ule haukuwa unapotea. Ulikuwa unaingia mgongoni mwangu. Bomba lilipita ndani ya ukuta wa udongo wa nyumba ya jenereta, na kila jioni tuliuegemea. Leo ukuta ni baridi kama pua ya lama.

2. Doña Primitiva, muuza uji wa mahindi, amehama pale ukutani. Nilipomuuliza sababu, alinijia juu: "We mtoto, nani atakunywa uji huku anatetemeka? Si utaishia kwenye nguo!"

3. Hili libaki kati yetu. Nimesomeshwa kwa Kihispania na kwa Kiaymara, na katika lugha zote mbili sina neno la kumwambia Wara, binti wa fundi cherehani. Ukutani sikulihitaji. Jenereta ilinguruma, hakuna aliyesikia kitu, nasi tulikaa bega kwa bega kama watu wenye mengi ya kuambiana. Juzi alisimama pale kidogo tu, akasema, "Baridi hii itatuua. Mimi naenda zangu." Akaenda. Kunyamaza kwangu kote kumepotea bure, na huko hamkufunga kifaa.

4. Kwa hiyo mnazuia ndoa. Bila ndoa hakuna watoto. Bila watoto shule itafungwa. Na ushirika wako utabaki kuwauzia umeme lama, ambao hawana desturi ya kulipa.

Naomba kifaa king'olewe kabla ya baridi kali ya Juni, moto upotee mahali pake pa zamani.

Msalimie mama watoto, wazee wa kamati, na mhandisi pia, ila yeye kwa ubaridi.

Wako mtiifu, mwenye mafua,
Ciriaco Layme

Nyongeza: Tafadhali usisome hayo ya juu. Nikiileta barua hii nimekuta foleni ya mabafu, na Wara ndani yake. Pale hakuna ngurumo; kimya kilinishinda, nikasema eti maji ni ya moto. Akaangua kicheko: "Kumbe unaongea! Mwenzio nilijua wewe ni bubu, nikawa nakuhurumia." Tumeongea hadi zamu yake. Kifaa kibaki. Ila punguzeni nguvu yake kidogo, maji yachelewe kuchemka.