Wateja Wangu Wanatoka Sare Makusudi

Ndugu Mhariri,

Poleni na kazi. Jumanne mliandika kwamba wateja wakiungana, bei za michezo ya video zitashuka. Nilicheka hadi chai ikapoa. Mimi huchezesha game hapa Yamumbi, televisheni tatu, katika duka nililolianza upya baada ya lile la kwanza kuchomwa katika ghasia za uchaguzi, 2008. Naomba kuwarekebisha, kwa heshima zote.

1. CD ya kandanda niliyoinunua elfu tatu mwaka 2010, leo 2013 ni elfu sita. Kilichobadilika ni jezi. Kwangu mechi ni shilingi kumi, na anayeshindwa ndiye hulipa. Hizo ni mechi mia sita kabla sijaonja faida, na hapo sijataja stima. Basi nikapandisha mechi hadi ishirini. Wao wakipandisha ni biashara, nikipandisha mimi ni dhambi?

2. Wateja hawawezi kuungana, hasa wangu. Kipkorir wa bodaboda na Mungai wa mitumba hawajawahi kuketi benchi moja tangu nyumba za kwao zilipochomwa katika ghasia hizo, kila mmoja akilaumu upande wa mwenzake. Wazee wa amani wamewakutanisha mara mbili. Walikula mandazi ya kamati, kila mtu akashika njia yake. Ndio waungane kwa sababu ya shilingi kumi?

3. Waliungana.

4. Siku ya kwanza ya bei mpya walicheza wao kwa wao, nunge kwa nunge. Nikasema ni bahati. Mechi ya pili, nunge. Nikasogea karibu. Mungai anampasia kipa wake, kipa anamrudishia, na Kipkorir amelaza pad ya kuchezea kwenye paja anakula karanga. Nikauliza nani analipa.

"Mama Game, hakuna aliyeshindwa," akasema Kipkorir.

"Ama ni wewe umeshindwa?" akaongeza Mungai.

Wakagotana ngumi. Hao wawili! Kufikia Ijumaa televisheni zote tatu zilikuwa za watu wazima wanaopasia makipa. Benchi limejaa, kopo la pesa liko tupu, na kodi ya duka inangoja.

5. Kwa hivyo naiomba serikali ipige marufuku sare. Pili, ichunguze umoja huu, maana umoja wa ghafla namna hii si kawaida ya Yamumbi. Tatu, wazee wa amani warudishe gharama ya mandazi.

Natumaini nimeonyesha wazi kwamba mteja hana nguvu yoyote juu ya bei.

Nisalimie wote hapo ofisini, na hata yule wa mlangoni aliyekataa kupokea barua yangu ya kwanza.

Wako katika hasara,
Janice Nasambu,
Yamumbi, Eldoret.

N.B. Bei imerudi kumi tangu jana. Mungai alifungwa mabao saba na Kipkorir, akalipa huku akicheka. Jumatatu sisi wenye game, kutoka Yamumbi hadi Ziwa, tunaenda pamoja kwa muuza CD mjini. Hatutanunua kitu. Tutaketi tu dukani kwake, tule karanga.