Herufi F ya Nyumba ya Mama

Jumatatu, 6 Januari. Keighley, Uingereza.

Barraclough amepata C! Amebandika cheti dirishani, kimeelekea barabarani, yaani kimeelekea chumba changu cha ng'ambo. Nyumba yake na yetu ya kupangisha zimeshikana ukuta. Mawe yaleyale, yamekuwa meusi kwa moshi uleule wa viwanda vya zamani. Yake C. Yetu F. Kuna mchezo hapa.

Dada Lorna kapiga simu kunikumbusha, kana kwamba mimi mtoto. Cheti chetu cha matumizi ya joto, A bora hadi G mbovu kabisa, kimekwisha muda. Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Nyumba yenye F sheria hairuhusu kuipangisha. Nikamwambia najua. Akasema kujua si kazi, kazi ni kufanya.

Nyumba ni ya marehemu mama, nusu yangu, nusu ya Lorna. Mimi naishi ng'ambo ya barabara, juu ya duka lililofungwa, na kutoka dirishani kwangu naona kila kitu. Mpangaji wetu ni Bi Muriel Sugden, mjane, zamani alifundisha watoto kuogelea. Siku hizi anashinda ndani kavaa koti na kofia. Lorna kasema tukipata F tena, Bi Sugden atalazimika kuhama, na yeye atauza nusu yake. Nikauliza atamuuzia nani. Akasema yeyote mwenye akili. Wilf Barraclough, kwa mfano.

Kwa mfano! Jina limemtoka lenyewe.

Jumanne, 7 Januari

Lorna kaja na karatasi za halmashauri. Eti kwa kuwa Bi Sugden ana pensheni ndogo, watakuja kutandika darini pamba ya kuzuia joto lisitoke na kuziba nyufa zote. Bure.

Bure! Watu wazima, gari, ngazi, pamba, halafu bure! Nikamwambia hakuna mtu anayepanda darini kwa mwenzake bila sababu. Wanatafuta kitu. Akauliza watafute nini darini kwa mama, ule mti wa Krismasi uliovunjika mguu? Nikasema hapo ndipo panaponitia wasiwasi.

Lorna akavaa glavu zake. "Norris," akasema, "wewe ukizama ukarushiwa boya, utauliza kwanza limetoka duka gani."

Swali zuri tu. Sikutia saini. Karatasi kaondoka nazo.

Alhamisi, 9 Januari

Baridi ya kukata masikio. Nimekaa na darubini tangu chai.

La kwanza: Barraclough kaingia kwa Bi Sugden na bakuli limefunikwa kitambaa. Katoka bila bakuli. Mchana kaingia tena. Katoka na bakuli, anapiga mluzi. Mtu wa umri ule hapigi mluzi bure.

La pili ni kubwa zaidi. Ushahidi! Sakitu, ule umande ulioganda, imeanguka usiku, mtaa mzima mweupe. Paa la Barraclough jeupe hadi adhuhuri. Paa letu jeusi, linatoa mvuke kama farasi aliyetoka mbioni. Maana yake nini? Yake baridi, yetu moto! Ile C ni ya uongo. Nikapiga picha, nikavuka barabara, nikamwonyesha.

Aliziangalia picha kwa heshima kabisa. Kisha akasema, "Norris, mzee wangu, kwangu sakitu imebaki kwa sababu joto liko ndani limetulia. Kwako inayeyuka kwa sababu moto wote wa Muriel unatokea paani. Mnawapasha joto kunguru."

Akacheka. Mke wa kunguru, watoto wa kunguru, wote wamealikwa kwenu, akasema. Nimerudi nimetafakari na chai. Huenda ni kweli. Na hapo ndipo shaka inapozidi: kwa nini ananiambia kweli?

Tena kasema "Muriel." Si Bi Sugden. Muriel!

Ijumaa, 10 Januari

Nimepata mpango. Ni safi sana hadi nimecheka peke yangu.

Kila mtu anasema wakaguzi hawapandi darini. Wanasimama kwenye ngazi, wanachomoza kichwa, wanamulika tochi, wanashuka. Basi pamba inahitajika pale tochi inapofika tu! Nimenunua bunda moja, nimelitandika vizuri kuzunguka mlango wa dari. Huko gizani nimetupia mablanketi ya mama na magazeti. Tanki la maji ya moto linatakiwa livikwe jaketi lake maalumu. Nimelivika koti langu zito la baridi, nikalifunga mikanda, na skafu juu. Limependeza kuliko mimi.

Balbu za Bi Sugden ni za zamani, zinakula umeme. Nimezitoa zote, nikaweka za kwangu zisizokula. Ukaguzi ukiisha nitazirudisha. Kwa sasa kwangu hamna taa. Naandika haya jikoni, mlango wa friji wazi, mwanga unatosha.

Bi Sugden aliuliza kama pamba itafika juu ya kitanda chake, maana hapo ndipo baridi inapomwangukia. Nikamwambia mambo ni hatua kwa hatua, Bi Sugden. Akakohoa. Nimegundua anakohoa zaidi nikiwepo.

Jumanne, 14 Januari

Siku mbaya. Mguu unauma.

Nilipanda darini kuweka sawa mablanketi. Bi Sugden alinifungulia mlango akaenda zake jikoni. Nadhani alinisahau. Mara nasikia sauti chini yangu, chumbani. Ya kwake, na ya Barraclough! Nikazima tochi. Nikalala kifudifudi.

Barraclough akasema hapa pakipimwa vizuri panatosha. Bi Sugden akasema Norris asijue kwanza, waache ukaguzi upite. Barraclough akasema masikini Norris, atapata kiharusi.

Wanapima nyumba! Nyumba ya mama! Nikasogea niwasikie vizuri. Goti likateleza kwenye boriti. Dari likafanya sauti kama biskuti, mguu wangu wote ukapita, ukabaki unaning'inia chumbani.

Kisha Bi Sugden:

"Wilf, hicho ni kiatu cha Bwana Akroyd."

"Ndicho. Na soksi ina tundu."

"Bwana Akroyd, kipenzi, umeumia?"

Nikajibu kwamba nakagua dari. Barraclough akasema basi limekaguliwa. Wakapanda kwenye kiti, wakanishika kisigino kwa upole, wakanisukuma juu. Niliposhuka nilimwona kwa macho yangu: ana utepe wa kupimia mkononi. Hakuuficha hata kidogo. Watu wabaya zaidi ndio hao wasioficha.

Jumatano, 15 Januari

Mkaguzi ni Bi Nasreen Mirza, mama mtaratibu, viatu vya raba. Lorna naye alikuwepo, kasimama mikono kifuani. Nilikuwa nimefunika tundu la dari kwa shuka na pini. Upepo ukawa unalijaza linapumua kama tumbo.

Bi Mirza kaweka ngazi. Kachomoza kichwa. Kamulika. Nikatabasamu. Kisha akapanda mwili mzima, akapotea gizani! Nilimwita nikamwambia hakuna haja. Sauti ikarudi kutoka mbali:

"Bwana Akroyd, tanki limevaa koti la nani?"

"La kwangu."

"Na skafu?"

"Ya kwangu pia."

"Nashukuru kwa kulijali. Ila siwezi kulihesabu."

Mablanketi hayahesabiki. Magazeti hayahesabiki, na akasema yangeweza kuunguza mtaa. Balbu amezisifu. Matokeo: G. G! Tulikuwa F, nimefanya kazi siku zote hizi, tumeshuka!

Nikamuuliza ana kwa ana kama anamfahamu Bwana Barraclough. Akasema ndiyo, alimkagulia nyumba. Aha! Akaongeza kwamba amekagua pia nyumba ya mchungaji na ya mwenye duka la samaki. Yaani mtandao ni mpana kuliko nilivyodhani.

Alipoondoka, Bi Sugden alinivuta pembeni. Alisema taratibu, "Bwana Akroyd, niliingia nyumba hii na marehemu mume wangu. Sitaki kuhama. Lakini baridi hii, mwaka mwingine siiwezi."

Midomo yake ilikuwa ya bluu. Nikasema ni hizi balbu zangu, zina mwanga wa namna hiyo. Lorna akaniangalia. Hajawahi kuniangalia hivyo tangu mazishi ya mama. Nikatoka nikarudi kwangu. Sikula.

Ijumaa, 24 Januari

Homa. Siku zote hizi kitandani. Koti langu lilibaki kwenye tanki, na nadhani ndiyo sababu.

Lorna hakuniuliza. Katia saini yeye, kawaita watu wa halmashauri, kawafungulia mlango. Nimewaangalia kwa darubini nikiwa nimejifunika shuka kichwani. Waliingia na mabunda ya pamba, wakatoka mikono mitupu. Wote walioingia walitoka. Kwa hiyo walichokiacha mle ndani, kama wamekiacha, ni kidogo kuliko mtu.

Dari limezibwa. Madirisha yamezibwa. Tanki limepata jaketi lake. Barraclough alishika ngazi na kuwapikia chai. Bi Mirza alirudi leo. Lorna kapiga simu.

C.

Nilimuuliza mara mbili. C. Akasema, "Sema asante, Norris." Nikasema asante. Nilikuwa mgonjwa.

Jumapili, 2 Februari

Nimealikwa chakula cha mchana kwa Bi Sugden. Nyama ya kuoka, viazi, mchuzi mzito. Nilipoingia nilidhani nimekosea nyumba. Joto! Bi Sugden kavaa blauzi ya mikono mifupi. Sikujua kama ana mikono. Mashavu mekundu, hakohoi, anaimba jikoni. Nilikaa kwenye kiti cha mama, nikavua sweta, nikajikuta nasinzia. Kwa kitambo kidogo sikuwa na wasiwasi na mtu yeyote. Ni hali ya ajabu. Sikuipenda sana.

Barraclough ndiye aliyekata nyama. Kakaa kichwani mwa meza, mahali pa mwenye nyumba. Tulipomaliza, akasimama, akakohoa, akawa mwekundu kuliko Bi Sugden. Akasema wanaoana majira ya kuchipua. Yeye ndiye atakayehamia hapa, maana Muriel hataki kuacha jiko lake. Nyumba yake ataipangisha kwa mjukuu wake, na ndiyo maana alitafuta cheti. Siku ile ya utepe walikuwa wanapima kama kitanda cha watu wawili kitaenea.

Lorna akalia kwa furaha. Alijua tangu Krismasi!

"Tuliogopa kukwambia, Norris," Barraclough akasema. "Tulijua utaona kuna mchezo."

Wote tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilimpa mkono, nikambusu Bi Sugden shavuni, nikala kipande cha pili cha keki. Nimevuka barabara nikiwa na furaha kweli.

Kisha nikakaa dirishani, nikafikiri.

Mtu ana nyumba yake. Ina C. Anaiacha, anahamia ya pili, nayo ina C, tena siku chache tu baada ya kupata C. Ilipokuwa G hakuoa! Alikuwa anapeleka bakuli tu na kurudi kwake. Leo pamba imetandikwa kila kona, ghafla mapenzi.

Anafuata joto langu.

Sijamwambia mtu. Kesho mapema, kabla hawajaamka, naenda kununua kufuli la mlango wa dari. Kubwa, lenye ufunguo mmoja tu.