Koti la Mshindi kwa Vipimo Vyangu

Jumatatu, 18 Septemba 2017. La Rochelle, Johannesburg.
Mungu hamtupi mja wake! Célestine, msusi na mwenyekiti wa chama chetu cha gofu, kanipa kazi ya kushona koti la mshindi. Jumapili tunashindana pwani, kwenye uwanja mkongwe kusini mwa Durban. Mshindi atalivaa mwaka mzima, na kila shughuli atakaa mbele. Mimi miaka tisa nawashonea watu wa Johannesburg nguo za kukaa mbele, mwenyewe nakaa nyuma karibu na masufuria. Nalitaka sana koti lile.
Célestine akauliza nitatumia vipimo vya nani. Nikasema vya wastani. Nimekata kwa vyangu.

Alhamisi, 21 Septemba.
Randburg, uwanja wa mazoezi. Nikapiga mpira, nikaufuata na futikamba, nikailaza chini mara mia kamili. Mita mia na hamsini! Watu walidhani napima viwanja vya kuuza. Nimepima kila fimbo hupeleka mpira umbali gani, na namba zote nimezidarizi ndani ya mkono wa shati. Gofu ni kazi ya fundi.
Mshindani ni mmoja tu, Ruphin wa Bukavu, mlinzi wa maegesho, mwenye tumbo lake. Hujifunzia kazini, na kwa kuogopa vioo vya magari ya watu, mpira wake haupiti goti. Unatambaa chini ya magari. Nikamsifu sana, nikamsihi asibadilike kamwe. Akanishukuru, akaniita kaka. Maskini!

Jumamosi, 23 Septemba.
Safari. Koti nimelipakata njia nzima.

Jumapili, 24 Septemba.
Eish! Uwanja una miaka zaidi ya mia, hauna mti hata mmoja. Nyasi ngumu, vilima vya mchanga, upepo wa bahari usio na adabu. Nikatazama mkono wa shati, nikapiga. Mpira ukaishia njiani, mchangani. Nikapiga tena. Mchangani! Siku nzima nachimba.
Ruphin akasukuma wake chini chini. Ukabingirika, ukapanda kilima, ukashuka, ukaingia shimoni kama unarudi kwao. Watu vigelegele.
Célestine akanieleza kuwa Jozi, Johannesburg yetu, iko juu na hewa yake nyepesi, mpira huruka mbali. Huku pwani hauendi hivyo. Eti kila mtu anajua, ningeuliza tu.
Wakamvika Ruphin koti. Likapasuka makwapa yote mawili, na lawama zote kwangu.

Jumanne, 26 Septemba.
Nimelipanua koti kwa vipande vinne. Ruphin akalijaribu, akafuta macho. Akasema hajawahi kushonewa koti maishani, na kwa kuwa ushauri wa kutobadilika ulikuwa wangu, kiti cha pembeni yake ni changu mwaka mzima. Nikaona haya. Nikafurahi pia, kwa kweli nimefurahi sana.

Jumatano, 27 Septemba.
Nimefikiri sana. Kosa limejulikana: futikamba! Niliwahi kuisahau mfukoni mwa suruali ikafuliwa, bila shaka ilifupika. Nimenunua mpya. Kesho Randburg, kupima upya.
Koti la mwakani nimeshalikata. Vipimo vyangu, ila kiunoni nimeongeza inchi mbili. Huko mbele chakula hufika mwanzo.