Jiwe la Bili Lililolala kwa Wifi

Jumatatu, 7 Agosti
Jiwe la kaburi limekatwa! Tani kumi na moja. Wachimbaji wenyewe wamesema, nikawapa tambuu waseme tena mbele za watu. La mume wa wifi Wini lilikuwa nane tu.
Bili, mume wangu, yupo sebuleni tangu alipofariki masika ya mwaka jana, kafungwa vitambaa thelathini, anangoja. Atalala chini ya jiwe hilo mbele ya nyumba yetu, na zamu yangu ikifika nitalala ubavuni pake. Nimemwambia avumilie siku tatu za kulivuta kutoka machimboni.
Atakayesimama juu ya jiwe kuwaimbia wavutaji ni Lende, mwanangu. Wamemchagua kwa sauti. Sauti kaitoa kwangu.

Jumanne, 8 Agosti
Watu mia tatu! Nyati wawili wameliwa. Lende juu ya jiwe, shuka jekundu, panga kiunoni. Akiimba wanavuta, akinyamaza wanapumua. Nililia. Mama mmoja akauliza kijana mzuri vile ni wa nani. Nikamjibu. Wengine sikungoja waulize.
Wini akaja na kuku mmoja. Kuku! Kwa kaka yake wa tumbo moja! Akasema jiwe zuri, wifi, ila mbona limekonda ubavuni?
Kesho linapita kijijini kwao, mbele ya mlango wake. Nina wazo.

Jumatano, 9 Agosti
Nilimvuta Lende pembeni. Nikamwambia akifika kwa shangazi yake anyamaze. Jiwe lilale pale usiku mmoja tu, Wini akienda kuteka maji alizunguke. Lende akasema mama, pale ni mteremko, jiwe halilazwi mteremkoni. Nikamuuliza nani kamzaa mwenzake.
Akanyamaza pale pale nilipotaka. Mtoto mtiifu namna ile sijaona. Wavutaji walinung'unika, wakalikingia magogo. Wini akatoka, mdomo wazi. Raha!

Alhamisi, 10 Agosti
Walipoanza kuvuta, kamba mbili zilikatika. Jiwe likateleza kutoka kwenye magogo ya kuburutia, likaangukia ubavu. Lende hakuwahi kuruka. Mguu wa kushoto. Walilinyanyua kwa miti wakamtoa. Alikuwa anauliza kama jiwe limepasuka.
Halikupasuka.

Ijumaa, 11 Agosti
Hospitali wameukata chini ya goti. Nimemwambia daktari mguu uliobaki ni mzuri kuliko miwili ya vijana wengine wote wa wilaya hii.

Jumamosi, 12 Agosti
Wamevuta tangu jana. Mia tatu, kisha mia nne. Halisogei hata upana wa kidole.
Rato, mzee wa matambiko, akasema jiwe lina kinyongo. Kuna kosa limefichwa. Mwenye nalo alitoe, jiwe litatembea, Bili atafika kwake. Watu wakatazamana. Mimi nikamtazama kuku aliyeletwa kuchinjwa. Kuku mzuri, miguu ya njano. Rato akauliza mara ya pili. Ningesema! Wallahi ya babu zetu, ningesema. Lakini Wini alikuwa kasimama karibu nami, katega masikio yake yale.
Akachinjwa kuku. Rato akasoma matumbo: jiwe limechagua mahali. Bili azikwe hapo lilipo.
Uani kwa Wini!

Jumapili, 13 Agosti
Wamembeba Bili asubuhi. Wini alilia kwa sauti kubwa, ati kaka yangu umejileta mwenyewe. Keshafagia pande zote. Keshaweka tambuu juu ya jiwe. Kisha akanishika mkono, mpole kabisa, akasema wifi, siku yako ikifika nawe njoo, nafasi ipo. Ubishe hodi tu.
Nimerudi nyumbani nikapakua wali sahani mbili. Sebule imekuwa kubwa sana.

Jumatatu, 21 Agosti
Lende karudi kwa magongo. Hajamwambia mtu nilichomwagiza. Wala haimbi. Nimemchinjia nguruwe, akala vijiko viwili.
Mke wa katekista kasema kisimani kwamba mama mwenye akili asingempandisha mwanawe juu ya jiwe. Mbele za watu! Yeye ambaye wanawe watatu hawajui hata kupiga mluzi.
Leo nimekwenda machimboni. Sitalala uani kwa mtu kwa kubisha hodi. Nimejichagulia jiwe langu mwenyewe, tani kumi na tano, na Bili nitamhamishia huko. Njia nimeipima kwa miguu yangu. Inapita mlangoni kwa katekista, pale panapoinamia bondeni.
Nimemuuliza Lende kama mtu wa mguu mmoja anaweza kusimama juu ya jiwe akaimba. Akageukia ukutani.
Atakubali. Ni usiku mmoja tu.