Kupinga Wapitaji Kuingizwa Kabatini

Kwa Kiongozi wa Jopo la Lugha yetu ya Programu, ambaye pia ni dada yangu wa tumbo moja,

Shikamoo Dada. Nakuandikia kiofisi, ingawa meza zetu zimetenganishwa na feni tu, kwa sababu ukiniangalia usoni huwa nasahau hoja zangu zote na kukubali.

Nimesikia kwamba kesho jopo litaamua kama Kabati liongezewe wapitaji. Kabati, kwa faida ya wajumbe wasioandika programu, ni ule mkusanyiko niliouunda kwa mikono yangu: unaupa ufunguo, nao unakupa kilichohifadhiwa kwa ufunguo huo. Huna ufunguo, huna kitu. Mpitaji ni kidude kinachotaka kuzunguka Kabatini bila ufunguo wowote, kikikuonyesha kitu kimoja baada ya kingine mpaka viishe.

Ombi limeletwa na mumeo, shemeji yangu dobi, ambaye duka lake lote linaendeshwa na Kabati langu. Namba ya kikaratasi cha mteja ndiyo ufunguo. Jibu ni jina la mteja, aina ya nguo na rafu ilipo. Anadai kwamba wateja wanapoteza vikaratasi, nguo zimejaa mpaka darini, na asiposaidiwa atafunga duka. Namheshimu sana shemeji. Lakini napinga, na sababu zangu ni hizi.

1. Adabu. Mtu mzima akienda mahali huwa anajua alichofuata. Anayesema aonyeshwe vyote kwanza ni mpekuzi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema aletewe mvungu mzima mezani.

2. Vurugu. Kabati halipangi vitu kwa zamu ya kuingia. Linaviweka panapofaa, kwa hesabu zake lenyewe. Bi Ushahidi, fundi wetu wa majaribio, asiyeamini hata kwamba kumekucha mpaka achungulie dirishani, alimjaribu mpitaji wa mfano. Mara ya kwanza shuka zilitangulia suruali. Alipoiwasha programu upya, suruali zikatangulia shuka. Shemeji akauliza mbele ya watu kama Kabati limelewa. Iliniuma. Kabati halijalewa, ila halijazoea kutembelewa.

3. Kusimamisha kazi. Lugha yetu, kama unavyojua, inazungumza na mashine moja kwa moja, na hakuna wa kupita nyuma yako akifagia kumbukumbu ya mashine uliyokwisha kuitumia. Kwa hiyo mpitaji akiwa safarini, ni marufuku mtu mwingine kuweka au kutoa chochote, mpitaji asije akakanyaga rafu iliyoondolewa akaanguka na programu nzima. Maana yake ni kwamba shemeji akimtuma mpitaji atafute koti moja, mteja aliyeleta mapazia atasimama mlangoni ameyakumbatia. Nilimweleza hivyo. Akasema atamtafutia kiti. Hilo si jibu la kitaalamu.

4. Aina zao. Nilidhani tunaletewa mpitaji mmoja, kumbe wako watatu. Wa kwanza anatazama tu. Wa pili anatazama na kugusa, na koti uliloliacha jeusi unaweza kulikuta la kijivu. Wa tatu, naomba ukae kwanza, anatoa kila kitu, anaondoka nacho, na Kabati ndiyo basi tena. Bi Ushahidi anaiita hii huduma kamili. Mimi naiita wizi wenye utaratibu.

5. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ni wapitaji. Kesho wataungwa mmoja nyuma ya mwingine, huyu anachuja, yule anahesabu, mpaka mtu aweze kuulizia mashati yote meupe yasiyo na kifungo cha pili, na ajibiwe. Hapo nani atahangaika kutunza kikaratasi? Wataacha kukumbuka vikaratasi, kisha walikoacha funguo za nyumba, kisha majina ya wakwe zao. Jamii nzima itakuwa ya watu wanaozunguka wakitazama kitu kimoja baada ya kingine, na sisi ndio tutakaoulizwa.

Naomba basi ombi likataliwe. Badala yake nimechapisha kibao kinachosema BILA KIKARATASI HAKUNA NGUO, na shemeji amekibandika dukani, shingo upande. Jopo likikubali wapitaji, nitahamia kwenye ile meza ya karibu na choo, na Kabati nitahama nalo.

Wasalimie wapwa zangu wote, msalimie mlinzi wa getini, na shemeji mwambie sina kinyongo. Bi Ushahidi naye msalimie, lakini kidogo.

Ni mimi mdogo wako, mtiifu katika yote isipokuwa hili,

Mwenye Kabati

Nyongeza: Dada, barua nilikuwa sijaituma. Wifi yako anaapishwa uwakili keshokutwa, na joho lake nililipeleka mimi kwa shemeji. Kikaratasi nilikisahau mfukoni mwa suruali nikaifua, na kilichobaki ni kama ugoro. Nimekwenda dukani. Shemeji amenisikiliza kwa upole mpaka mwisho, halafu akanionyesha kibao. Mifuko yake yote ni myeusi na imezibwa, na kila atakaoufungua ni lazima afue upya. Mke wangu amesomea joho hilo huku ananyonyesha, na jioni hii ameniuliza mara mbili kama liko tayari. Nikamwambia liko tayari. Naogopa, Dada. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nasema wazi: wapitisheni asubuhi, wote watatu. Hata yule wa tatu, mwacheni atoe kila kitu. Nitakuwa pale dukani, nitavirudisha mwenyewe kimoja kimoja.